Mkono Uliopanda Wenyewe

Mwaka huu nimeanza kujenga. Si nyumba ya kujisifia, ni vyumba vitatu tu huku Ihumwa, pembeni mwa jiji la Dodoma, ambako kila ukigeuka unakuta mtu anachimba msingi. Jumamosi moja niliwapelekea mafundi chai. Mmoja wao akapasua mfuko wa saruji kwa koleo, vumbi la kijivu likapanda, na ile harufu kavu ya karatasi na saruji ikaniingia puani. Hapo hapo niliweka chupa ya chai chini nikashika rundo la matofali. Mafundi walidhani ni jua. Halikuwa jua, ndugu zangu. Ulikuwa woga wa darasa la sita, ule ule, haujapungua hata chembe, nami ni mtu mzima mwenye watoto na kitambulisho cha kazi shingoni.

Ngoja niwaeleze, maana jambo hili sijapata kumsimulia mtu likakamilika. Kila nikianza huishia pale panaponifaa.

Nilisoma shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Chemba, ndani ndani, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka barabara kuu. Nyumbani tulizungumza Kisandawe, lugha yetu ya kugonga ulimi, ambayo wageni wakiisikia husimama na kukuomba urudie. Kiswahili nilikutana nacho shuleni, nikakiogopa mwaka mzima. Nilipoanza kukizoea, kikaja Kiingereza. Tena Kiingereza chenyewe kilikuja bila mwalimu, kwa hiyo kwa muda mrefu kipindi hicho tulikitumia kumwagilia bustani ya mchicha ya shule.

Tulipoingia darasa la sita tukaletewa Mwalimu Tumaini. Alikuwa dada mwembamba kutoka Kibakwe, mwenye tabia ya kucheka kwa pua, akijizuia lakini kicheko kikimtoka hivyo hivyo. Alikuwa amesomea kufundisha hisabati. Kiingereza alibebeshwa kwa kuwa alikuwa mgeni, na mgeni hachagui jembe. Siku ya kwanza alituambia ukweli wote: "Mimi nanyi tutajifunza pamoja. Ila nitajitahidi niwe mbele yenu kwa siku moja." Tukampenda siku hiyo hiyo.

Wakati ule kijijini walikuwa wanajenga zahanati. Mwalimu Tumaini aliomba mifuko mitupu ya saruji, akaikung'uta, akabandua karatasi za ndani zilizo safi na kuziunganisha kwa uji mzito wa sembe. Ikatoka karatasi moja kubwa ya rangi ya kaki iliyofunika nusu ya ukuta, na kila alipoikunjua darasa zima lilipiga chafya. Katikati aliandika neno moja kwa kalamu nene: TAKE. Kutoka kwenye neno hilo akachora matawi kumi na mawili.

Take tulikuwa tunaijua, ni chukua. Take a book, chukua kitabu, hapo hatukuwa na ugomvi. Lakini mwalimu alitupandisha tawi baada ya tawi, na kila tawi likatuchanganya zaidi. Take medicine, kunywa dawa. Take a bus, kupanda basi. Take a bath, kuoga. Take a photo, kupiga picha. Take off, kuvua shati, na papo hapo ni ndege kupaa. Take turns, kupokezana zamu. Take place, jambo kufanyika. Tuliposikia kwamba it takes two hours ni safari kuchukua saa mbili, tulishangilia, kwa kuwa hata sisi husema vivyo hivyo. Tukaona kumbe Waingereza nao wana akili kidogo.

Mwalimu aligawa matawi. Kila tawi lilipewa watoto wachache walitunze, walitungie sentensi zao, na wawe tayari kulitetea. Mimi nilipewa take after, yaani kuchukua sura au tabia ya mtu wa ukoo wenu. Sentensi yangu ilikuwa I take after my grandmother, nimefanana na bibi yangu. Niliikariri njiani, niliikariri kisimani, na jioni nilimweleza bibi mwenyewe, aliyekuwa akipura mtama uani. Nilimfasiria matawi yote kwa lugha yetu. Aliacha kupura, akanitazama kwa huruma.

"Hawa watu wanachukua dawa, wanachukua basi, wanachukua picha, hata sura ya bibi wanaichukua," alisema. "Sasa wanabakisha nini?"

Kesho yake nililipeleka swali hilo kwa Mwalimu Tumaini. Alicheka mpaka akakaa chini.

Na kweli nilikuwa nimefanana na bibi, ila kwa jambo ambalo halikuwa la kutangazwa. Sote wawili tulikuwa watu wa mkono wa kushoto. Bibi alipura kwa kushoto na kusonga ugali kwa kushoto, lakini alikula na kupokea kitu cha mtu kwa mkono wa kulia, kwani adabu ni adabu. Mimi mama alianza kunirekebisha mapema. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, akanifunga uzi mweusi mkononi nisisahau upi ndio wenye heshima. Mwalimu wa darasa la kwanza alimalizia kazi kwa rula juu ya vidole. Nikawa naandika kwa mkono wa kulia kama wenzangu, na uzi ukakatwa. Lakini nikishtuka, nyoka akikatiza au mtu akinifokea ghafla, mkono wa kushoto ndio uliotangulia. Ulikwenda wenyewe, mimi nikaja kujua baadaye.

Dawati letu la nyuma tulikaa wawili, mimi na Halima. Mimi niliwekwa pale kwa urefu, yeye kwa kuchelewa. Halima alichunga mbuzi wa baba yake, akawa anakuja shule siku mbili tatu kwa wiki akinuka beberu. Aliweza kutazama kundi likipita akakwambia nani hayupo, tena kwa jina. Matawi ya take ndiyo yaliyokuwa yakimpita, maana mengi yalifundishwa siku alizokuwa porini. Mara nyingine nilimwonyesha daftari langu. Mara nyingine nililiziba kwa kiwiko.

Kisha ikaja habari ya mkaguzi.

Mwalimu Mkuu alitutangazia mstarini, fimbo yake ikiwa kwapani. "Alhamisi mkaguzi yuko hapa," alisema. "Darasa la sita, anakuja kwenu, tena kwenye Kiingereza. Mwalimu wenu hakusomea somo hilo, na huko wilayani wanajua. Mkimwaibisha ataondolewa. Na mjue hakuna mwingine atakayeletwa. Mtaingia mtihani wa darasa la saba mkiwa mabubu."

Tangu asubuhi ile nikawa sina raha. Nilikuwa sijawahi kumwona mkaguzi kwa macho yangu, kwa hiyo nilimtengeneza mwenyewe kichwani, na kila siku alirefuka. Zaidi ya yeye niliogopa kuamka siku moja na kukuta Mwalimu Tumaini hayupo. Nilikuwa mtoto wa kimya, na yeye ndiye mwalimu wa kwanza aliyewahi kulicheka swali langu kwa furaha.

Jumanne alifunga mlango wa darasa, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku za upepo wa vumbi.

"Mkaguzi akiona mikono michache juu, ataandika kwamba hamjafundishwa," alituambia taratibu. "Kwa hiyo nikiuliza, nyote nyoosheni. Anayejua anyooshe wa kulia. Asiyejua anyooshe wa kushoto. Mimi nitachagua wa kulia tu. Tumeelewana?"

Watoto walicheka, wakaona ni mchezo mtamu. Mwalimu hakucheka, si kwa mdomo wala kwa pua. Aliongeza, "Na ninyi wa kushoto msiogope. Hamtaulizwa."

Roho ilinipaa. Wenzangu wote waliokuwa wanajua walikuwa na kazi moja tu, kunyoosha. Mimi nilikuwa na mbili, kunyoosha na kuushika mkono mmoja usinyooke. Tulianza mazoezi. Mara ya kwanza nilifanya sawasawa, na ya pili. Mara ya tatu mwalimu akaigiza kuwa mkaguzi, akapiga meza kwa nguvu na kuuliza kwa ukali. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa hewani kabla sijapumua. Niliushusha haraka. Mwalimu hakuona, lakini Halima aliona.

"Umekosea mkono," alininong'oneza. "Ukalie."

Nilipaswa kumwambia Mwalimu Tumaini. Mama alizoea kusema mficha uchi hazai, nami methali hiyo niliijua vizuri. Lakini kufikia saa ya mapumziko, wale wasiojua walikwisha kupata jina. Waliitwa Kushoto. "Kushoto, nirushie mpira." "Kushoto, mbuzi wenu hawajambo?" Halima aliitwa hivyo akaitika tu. Mimi nilihisi kwamba nikifungua mdomo kueleza habari ya mkono wangu, jina lile litanirukia na haitasaidia kitu kwamba najua matawi kumi na mawili. Nikanyamaza.

Jumatano nilimwambia mama nina homa. Alinishika shingo, akanipa ndoo nikachote maji.

Alhamisi tulifagia uwanja mpaka udongo ukang'aa, tukanyunyizia maji. Mwalimu Tumaini alivaa gauni la bluu ambalo tulikuwa tukimwona nalo kanisani tu. Saa nne gari jeupe likasimama, akashuka mkaguzi. Hakuwa jitu. Alikuwa baba wa makamo mwenye miwani, mpole, aliyeitikia salamu za watoto mmoja mmoja. Upole wake ulinitisha kuliko fimbo, kwani mtu mkali unajua atapiga lini.

Walimletea kiti. Mnajua kiti chake waliweka wapi? Nyuma ya dawati letu, mimi na Halima, karibu kiasi kwamba nilinusa sabuni ya shati lake na kusikia kalamu yake ikikwaruza karatasi. Mgongo wangu wote ukawa sikio.

Kipindi kikaanza. Chati ikafunguliwa, vumbi likaruka, mkaguzi akapiga chafya na darasa likamtakia afya kwa pamoja kama tulivyofundishwa. Mwalimu Tumaini akauliza swali la kwanza. Mikono yote ikapanda kwa mpigo mmoja, msitu mzima, nami nilisikia mkaguzi akiguna kwa kuridhika. Kiranja wetu, Elia, alichaguliwa, akajibu. Swali la pili likajibiwa, la tatu likajibiwa. Sauti ya mwalimu ilianza kulegea, akaanza kutembea kati ya madawati. Nilimwona akitabasamu.

"Take after," aliuliza. "Who can make a sentence?"

Hili lilikuwa tawi langu. Nilinyoosha, nikasubiri kuitwa. Mwalimu alinitazama, akatazama mkono wangu, na uso wake ukashangaa kidogo. Akaniruka. Ndipo nilipoinua macho. Mkono uliokuwa juu ya kichwa changu ulikuwa wa kushoto. Wa kulia nilikuwa nimeukalia mwenyewe, nikidhani nimeukalia ule mwingine. Sijui ulikuwa juu tangu swali la ngapi.

Kijasho chembamba kilinitoka. Niushushe? Mkaguzi angeona. Nibadilishe? Angeona vizuri zaidi. Nikaganda hivyo hivyo mkono juu, na kadiri nilivyoganda ndivyo nilivyoonekana kama mtoto anayejua sana na kunyimwa nafasi. Elia akaitwa tena, akatoa sentensi juu ya baba yake. Kalamu nyuma yangu ikanyamaza.

"Samahani mwalimu," mkaguzi alisema kwa sauti yake ya upole. "Huyu binti hapa mbele yangu ananyoosha tangu tumeanza, nadhani hujamwona. Hebu tumsikie."

Nilisimama. Niliiona sura ya Mwalimu Tumaini kule mbele. Alikuwa amejiandaa kwa aibu, maana kwake mimi niliyenyoosha wa kushoto nilikuwa nimemwambia kwamba sijui. Nikafunga macho.

"I take after my grandmother," nilisema.

"Very good!" mkaguzi alisema, akapiga makofi, na darasa likapiga naye. Nilikaa chini nikiwa nimelowa jasho. Nilidhani tumepona. Hakika, kwa muda mfupi sana nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Chemba.

"Kumbe huku nyuma ndiko kwenye vichwa," mkaguzi aliendelea kwa ucheshi. "Na jirani yake je? Na yeye naona alikuwa ananyoosha."

Halima alisimama. Mkaguzi akamwuliza kwa Kiingereza maana ya take a bath. Halima alinyamaza. Akamwuliza tena kwa utaratibu, akamwonyesha na tawi lenyewe kwenye chati. Kimya. Akamgeukia mvulana wa dawati la jirani, naye ni wa kushoto, kimya. Akamwita msichana wa dirishani, kimya. Watoto watatu wakawa wamesimama wima wakitazama sakafu. Mwalimu Tumaini aligeukia chati, akaanza kunyoosha pembe ambayo haikuwa imejikunja.

Mkaguzi hakukasirika. Alimrudia Halima, akamwuliza kwa Kiswahili, kwa wema kabisa, "Binti, kama hujui, mkono ulinyoosha wa nini?"

Halima alimtazama usoni.

"Mimi ni wa kushoto, mwalimu," alisema. "Wa kushoto hatuulizwi."

Hakusema kwa ujeuri. Alimweleza mgeni utaratibu wa pale, kama ambavyo ungemwonyesha mtu njia ya kisimani. Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alitutazama darasa zima, mikono yetu ikiwa imelala juu ya madawati, kisha akainuka na kumwomba Mwalimu Tumaini waende ofisini.

Mlango ulipofungwa, darasa lililipuka. Mmoja alisema mwalimu anafukuzwa sasa hivi. Mwingine alisema amemwona Mwalimu Mkuu akishika kichwa. Msichana mmoja alianza kulia, na kilio kikaambukiza. Elia alisimama juu ya dawati lake.

"Nani ametuponza?" aliuliza.

"Halima!" wakasema wengi.

"Lakini alianza kuulizwa nani?" sauti moja ikatoka kule dirishani. "Si alianza Josefina? Mwalimu alimruka, kwa nini alimruka?"

Macho yote yakanigeukia. Nimewahi kuogopa tangu siku ile. Nimejifungua mtoto kabla ya wakati wake, nimepata ajali ya basi, nimesubiri majibu ya hospitali. Sijaogopa tena kama pale. Nilimwona Mwalimu Tumaini akipakia sanduku lake kwa sababu ya mkono wangu, nikayaona macho yale yakinifuata mpaka darasa la saba, na mdomo wangu ukafanya kama ulivyofanya mkono, ukatangulia.

"Mimi nilijibu," nilisema. "Nilijibu vizuri, mlisikia wenyewe. Halima ndiye aliyesema."

Hilo likawatosha. Walimzunguka. Hawakumpiga, walimsukuma sukuma tu na kumwita jina lile, na mmoja akalitupa daftari lake nje ya dirisha. Halima alikuwa mtu pekee darasani aliyejua habari ya mkono wangu. Neno moja lingemtosha kuyageuza macho yote. Alinitazama mara moja, akatoka nje, akaokota daftari, akalikung'uta vumbi. Hakurudi ndani.

Mkaguzi aliondoka alasiri. Mwalimu Tumaini alirudi darasani macho yakiwa mekundu. Tulinyoosha viganja vyetu kabla hajasema lolote, tukijua fimbo inakuja. Alituambia tuvirudishe. Alikunja chati, akaiweka kwapani, akasema twende nyumbani. Ijumaa ilipita, Jumamosi na Jumapili zikapita, nami nikimwomba Mungu asiondolewe, nikiahidi kila kitu mtoto anachoweza kuahidi.

Jumatatu Mwalimu Mkuu alitangaza kwamba Mwalimu Tumaini anabaki. Amepewa onyo, naye mkaguzi atarudi, lakini anabaki. Tulipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia. Nililia kwa furaha. Nilidhani Mungu amenisikia na habari imekwisha.

Mwalimu aliingia darasani bila chati, akiwa na daftari la mahudhurio. Akatuambia hatutanyoosha tena mikono, si wa kulia wala wa kushoto. Ataita majina kwenye daftari, mmoja baada ya mwingine, kila mtu ataulizwa, na asiyejua atasema sijui, naye atafundishwa hapo hapo. Akaanza kuita. Alipofika kwa Halima, alisubiri.

"Hayupo, mwalimu," nilijibu.

Aliliita jina hilo kila siku. Wiki ya pili alikwenda kwao kwa miguu, akarudi peke yake. Baba yake alikuwa amesema mtoto mwenyewe hataki, na mbuzi wanamhitaji. Mwalimu aliendelea kuliita mpaka tulipofunga shule, nami nikaendelea kujibu hayupo. Dawati lilikuwa na nafasi sasa. Niseme ukweli wote? Nilishukuru kwa ile nafasi. Kila alipokosekana nilipata siku nyingine ya kutotazamwa na mtu anayejua.

Nilifaulu, nikaenda sekondari, nikaendelea, nikapata kazi mjini. Kwa miaka mingi nilihadithia siku ile kama kichekesho cha mkaguzi na mikono, na watu ofisini walicheka mpaka wakafuta machozi. Niliishia pale ninapopigiwa makofi. Sehemu ya Elia kusimama juu ya dawati niliiacha.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Chemba kumtazama mama, naye akanituma mnadani nikachague mbuzi. Mchuuzi niliyeelekezwa kwake alikuwa mwanamke mpana, kilemba kimekaa upande, akizungumza na watu watatu kwa wakati mmoja, huku Kiswahili, huku lugha yetu. Alitazama kundi lake likipita, akamwambia msaidizi wake amfuate jike fulani nyuma ya mahema. Sikuhitaji kuambiwa jina.

"Josefina," alisema kabla yangu. "Umenenepa."

Tulisalimiana, tukaulizana watoto na wazazi. Alinichagulia mbuzi mzuri. Nilikuwa nimeshika kamba mkononi na safari imekwisha, ningeweza kuaga. Lakini kilichokuwa kimekaa kifuani miaka yote kikapanda, nikamwambia yote pale pale kwenye vumbi, habari ya mkono, na habari ya neno langu, na kwamba niliogopa, na kwamba namwomba msamaha. Nililia. Watu wa mnadani walidhani nimefiwa.

Halima alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alinitikisa bega.

"Wewe nilijua unaogopa," alisema. "Niliona mkono wako ulivyoganda juu. Ningesema nini, nikuongezee?" Akawatazama mbuzi. "Mimi yule baba wa miwani simsahau. Miaka yote niliyokaa shule ni yeye peke yake aliyeniuliza swali akangoja jibu. Na nililijibu, Josefina. Si nililijibu sawasawa?"

"Ulilijibu," nilimwambia.

Nilirudi kwa mama nikimvuta mbuzi, nikitembea polepole. Darasa zima siku ile tulikuwa tumesema tuliyofundishwa kusema, hata mimi na sentensi yangu ya bibi. Halima alisema aliloliona. Sisi tulimwogopea mwalimu, tukamwombea, tukamlilia, naye akabaki. Aliyeondoka alikuwa amekaa nami kiwiko kwa kiwiko, na siku ile sikumwogopea hata kidogo.